Asiyesema Ana Neno: Tuzipime Hadithi za Mtaani

Ubao wenyewe ni kipande cha katoni, kimebandikwa picha na kulaminishwa kwenye sayba moja pale Olympic. Picha ya kwanza ni ubavu wa pakiti ya unga uliokatwa kwa makasi. Ya pili ni kikombe chekundu cha plastiki, kilekile ambacho mwenye ubao hunywea uji. Ya tatu ni mlango wa choo cha ploti yao, umepigwa picha kwa simu ya jirani. Chini kabisa, pembeni kulia, kuna picha ya mkono ulioinuliwa na neno moja: SITAKI. Pembe hiyo imechakaa kuliko nyingine zote kwa sababu ndiyo inayoguswa sana.

Mwenye ubao ni mvulana wa Gatwekera, hapa wadi ya Sarang'ombe, Kibera, ambaye hajawahi kutamka neno. Wataalamu huiita njia anayotumia mawasiliano saidizi na mbadala. Ni saidizi kwa anayesema kidogo, na mbadala kwa asiyesema kabisa. Ndani yake mna ishara za mikono, macho, vitu vya nyumbani, picha, herufi, hadi tableti inayotoa sauti. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya Wakenya 100,000 wenye ugumu wa kuwasiliana, kwa hiyo huenda kwenye ploti yako yumo mmoja.

Na penye mtoto kama huyu hapakosi hadithi. Umezisikia, msomaji: kwenye benchi la kliniki, kwenye bomba ukisubiri mtungi ujae, kanisani, msikitini. Nyingine tumezipata kwa nyanya zetu, nyingine zimetoka kinywani mwa watu waliovaa koti jeupe. Tuziweke kwenye mizani.

"Asiyesema haelewi."

Si kweli. Naanza na hii kwa sababu nyingine nyingi zimeota kwenye shina lake.

Kusema na kuelewa ni kazi mbili tofauti. Ili neno "maji" litoke, kifua lazima kisukume pumzi, koo litetemeke, midomo ifumbe na kufumbuka, ulimi upande na kushuka, vyote kwa zamu na kwa kasi. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaweza kulijua neno, kulitaka, hata kulipanga kichwani, kisha misuli ikakataa amri.

Mvulana wetu ni shabiki wa timu ya soka ya Gor Mahia kama baba yake. Redio ikitangaza bao la Gor, hurusha mikono na kucheka. Wakifunga mahasimu wao, AFC Leopards, hununa. Utasema anausoma tu uso wa baba yake. Shaka hiyo ni halali, na ndiyo maana mtaalamu hapimi kwa kukisia. Huweka vitu viwili mbalimbali, kijiko huku na kiatu kule, akamtazama mtoto usoni bila kutupia jicho kitu chochote, kisha akauliza: "Kiatu kiko wapi?" Macho yakienda kwenye kiatu mara moja, huenda ni bahati. Yakienda mara tisa katika kumi huku vitu vikibadilishwa pande, hilo ni jibu.

Wapo wanaoelewa kidogo na wapo wanaoelewa yote, pamoja na yale unayomnong'onezea jirani juu yao. Bila kupima hujui. Na usipojua, zungumza na mtoto kama anayeelewa. Ukikosea hivyo hujamdhuru. Ukikosea upande wa pili umemnyima lugha.

"Ni bubu, basi afundishwe lugha ya ishara, yaishe."

Nusu kweli. Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha kamili, na Katiba ya 2010 imeipa nafasi Bungeni pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Kwa mtoto kiziwi, ndiyo mlango. Lakini neno "bubu" limewatia kapu moja watoto wasiofanana. Mmoja hasikii, mwingine anasikia vizuri ila misuli imekataa, wa tatu ana usonji. Asiyeweza kuamuru vidole vyake atapigaje ishara?

Kwa hiyo apimwe masikio kwanza, hasa aliyeugua manjano kali akiwa mchanga, kwani manjano hiyo inaweza kuharibu usikivu na uwezo wa kuamuru viungo kwa pamoja. Nimewaona watoto waliofunzwa kwa picha mwaka mzima kabla mtu hajauliza kama wanasikia.

"Ukimpa picha atakuwa mvivu, hatasema tena."

Si kweli, na hii huwatisha wazazi kuliko zote. Mama anauona ubao, anadhani mtaalamu ameukatia tamaa ulimi wa mwanawe. Namwelewa. Ila ushahidi umekusanywa, nao unaelekea upande mwingine.

Mwaka 2006 watafiti watatu wa Marekani, Millar, Light na Schlosser, walizipitia tafiti zilizokuwapo juu ya suala hili hili. Katika visa 27 vilivyopimwa kwa uangalifu wa kutosha, hakuna hata mtu mmoja ambaye usemi wake ulipungua. Asilimia 89 waliongeza usemi, waliobaki hawakubadilika. Mwaka 2010 Mary Ann Romski na wenzake walichapisha jaribio la watoto wadogo 62 waliokuwa na maneno yasiyofika 10. Waligawanywa kwa kura. Baadhi walifundishwa kwa mdomo tu, wengine kwa mdomo pamoja na kifaa cha picha na sauti. Waliopewa kifaa ndio walioishia na maneno mengi.

Sababu haiko mbali. Mtoto akigusa picha ya kikombe, mama husema "kikombe", kisha kikombe kinakuja. Neno limesikika, limeonekana, limeleta kitu. Akifanya hivyo mara ishirini kwa siku, neno limepata njia. Na kama mdomo wake unaweza, atautumia, kwa sababu mdomo una kasi kuliko katoni. Fikiri juu yako mwenyewe: unapompungia mkono kondakta wa matatu, hujasahau kuita.

Niseme pia lisilopendeza. Ubao hauahidi usemi. Wapo ambao hawatasema kamwe. Hao ndio wenye haki zaidi ya kupewa njia nyingine leo, wasiambiwe wangoje.

"Akatwe uzi wa chini ya ulimi."

Si kweli. Uzi mfupi unaweza kumsumbua mchanga anaponyonya, na pengine kuharibu sauti chache. Haumzuii mtoto wa miaka minne kuwa na lugha. Mtoto mwenye uzi mfupi husema, labda kwa kitembe. Asiyesema kabisa ana sababu nyingine, na wembe hautaifikia. Utaleta damu, usaha na hatari ya pepopunda.

"Karogwa. Au ni laana ya ukoo."

Si kweli. Najua nagusa palipo na moto. Joseph Gona na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 2015, waliwauliza wazazi na wataalamu wa pwani ya Kenya juu ya chanzo cha usonji. Pepo, uchawi na laana vilitajwa bega kwa bega na maambukizi na matatizo ya kujifungua. Kumbuka walioulizwa ni pamoja na wataalamu.

Mtindio wa ubongo mara nyingi huanzia palipo na ushahidi: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano isiyotibiwa, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani. Usonji huanza na jinsi ubongo unavyojengeka kabla ya kuzaliwa, na hakuna mama aliyeusababisha kwa tabia yake. Anayeomba na aombe, sala haijamdhuru mtoto. Kinachodhuru ni miaka mitatu ya kuzunguka kwa waganga, nauli ikiisha na mtoto akikaa bila neno hata moja la kuomba maji. Na kidole cha lawama, ukichunguza, karibu kila mara huelekezwa kwa mama.

"Bila mashine ya maelfu, hakuna kitu."

Si kweli. Watu humtaja Stephen Hawking na kompyuta yake. Hawking alipoteza sauti mwaka 1985 baada ya kupasuliwa koo, na kabla kompyuta haijapatikana alitumia kadi ya herufi. Mtu alinyoosha kidole herufi moja baada ya nyingine, naye aliinua nyusi ilipofikiwa aliyoitaka. Kadi na nyusi tu.

Karibu na kwetu, Karen Bunning, Joseph Gona na wenzao walifanya kazi vijijini Kilifi, wakachapisha mwaka 2014. Watoto 9 wa miaka 4 hadi 12 waliandaliwa njia za kuwasiliana nyumbani kwao, kwa vitu vya hapohapo, na walezi wakafunzwa kuzitumia. Walezi waliona nafuu katika baadhi ya mambo, si yote. Watoto tisa ni wachache, wala sitakuambia kazi hiyo imethibitisha kila kitu. Imeonyesha kwamba inawezekana kuanza bila kusubiri mzigo kutoka ng'ambo.

Sisemi tableti ni anasa. Kwa anayeweza kuitumia, sauti inayotoka humwezesha kumwita aliyeko chumba cha pili, na katoni haiwezi hilo. Katiba yetu, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa na kupata vifaa vya kumwezesha. Daini haki hiyo. Ila stima hupotea na simu huibwa, kwa hiyo hata mwenye tableti awe na katoni nyuma ya mlango.

"Chakula, maji, choo. Hizo picha zinatosha."

Si kweli hata kidogo. Hapa niruhusu nikae, kwa sababu wenye kosa hili mara nyingi ni sisi wenye nia njema.

Jihesabu kuanzia asubuhi. Umesema maneno mangapi, na mangapi yalikuwa ya kuomba? Umelalamika, umetania, umeuliza bei ya sukuma, umesema "ngoja", umesema "nani kakuambia?" Mtoto aliyepewa picha tatu za kuomba ameambiwa kimyakimya kwamba yeye ni tumbo. Utafiti mmoja wa Marekani wa 2003 uliorekodi maneno ya watoto wadogo 50 ulikuta kwamba yaliyorudi mara nyingi hayakuwa majina ya vitu. Yalikuwa ya aina ya "zaidi", "hapana", "yangu", "nisaidie", "nini", "basi".

Na usiyabebe kama yalivyo. Mbao nyingi za kigeni hupanga neno kwa neno: mimi, taka, enda. Kiswahili hakijengwi hivyo. "Sijashiba" ni neno moja lililobeba mtu, wakati, ukanushi na tendo. Mtoto anayeanza mpe neno zima, kama linavyotoka kinywani mwa mama yake: nataka, sitaki, bado, nimeshiba, twende, tena, niache. Akishakomaa na kujifunza herufi, mtafungua viambishi. Vivyo hivyo na picha. Chakula kiwe ugali na sukuma kwenye sahani ya nyumbani, kisiwe mkate wa nyama wa kwenye matangazo. Kitanda kiwe chenye pazia, kama chake.

Kisha yapo maneno ambayo wakubwa huona haya kuyaweka: sehemu za siri kwa majina yake, "ameniumiza", "sitaki anishike", "naogopa". Yaweke. Uchambuzi uliochapishwa 2012 katika jarida la Lancet, uliotegemea tafiti za nchi tajiri, ulikadiria kwamba watoto wenye ulemavu hupatwa na ukatili mara 3.7 kuliko wenzao. Mkatili humpenda asiyeweza kusimulia.

"Lugha nyingi zinamchanganya, mzungumzie Kiingereza tu."

Si kweli. Mama mmoja wa Kawangware aliambiwa hivyo kwenye kliniki ambayo sitaitaja. Nyumbani kwake husemwa Kiluhya na Kiswahili. Alirudi, akaanza kumzungumzia mwanawe kwa Kiingereza cha kuokoteza, na kwa kuwa hakikumtoka vizuri, mazungumzo yakapungua hadi amri tano sita kwa siku. Ushauri ulikusudiwa kuongeza lugha, ukaishia kuikausha.

Watoto wa Makina hukua na Kinubi na Kiswahili, wa Gatwekera na Dholuo na Sheng, na vichwa vyao havijapasuka. Ulemavu wa usemi haubadilishi hilo. Mzungumzie kwa lugha inayokutoka moyoni, na ubao uandikwe kwa lugha hiyo.

"Hiyo ni kazi ya mtaalamu, mimi sijasomea."

Nusu kweli. Utaalamu upo na unahitajika: kupima usikivu, kuangalia kama mtoto anameza salama, kujua akaeje ili mkono ulegee, kuchagua kati ya macho, kidole na ngumi. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008, ya kwanza katika ukanda huu, na hadi leo wataalamu hawa ni wachache sana ukilinganisha na watoto.

Lakini piga hesabu. Wiki ina saa 168. Hata ukibahatika kumwona mtaalamu nusu saa kila wiki, zimebaki saa 167 na nusu, nazo ni zako, za dada yake, za mwalimu wa chekechea na za mama mboga. Mtaalamu mzuri analijua hilo. Hutamwona akimfungia mtoto chumbani na kumrudisha kama gari lililotoka gereji. Humfundisha mama aguse picha huku akisema, "Uji uko tayari, unataka?", kidole kikienda kwenye uji na kwenye nataka. Mtoto hawezi kujifunza lugha ambayo hakuna anayeitumia mbele yake. Sisi tulisikia maneno mwaka mzima kabla ya kutamka la kwanza, lakini mtoto wa ubao tunataka ajibu siku ya pili.

Utamtambua pia kwa salamu. Akiingia, huinama hadi macho yake yawe sawa na ya mtoto, akamwamkua yeye kabla ya kuuliza chochote kwa wakubwa. Anayeuliza juu ya kichwa cha mtoto, "Huyu anakula vizuri?", ana shahada ila bado hajaanza kazi.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Waliotunga methali hiyo walikuwa sahihi.

"Mshike mkono tu, ataandika mwenyewe."

Si kweli, na ina hatari. Huenda umeona video: mtu mzima ameshika mkono au kiwiko cha asiyesema, na herufi zinatiririka kuwa barua ya ajabu. Mwaka 1993, katika kituo kimoja cha jimbo la New York, watu 12 na wasaidizi wao walionyeshwa picha kwa namna ambayo kila mmoja aliiona yake tu. Picha zilipotofautiana, hakuna aliyeandika jina la picha aliyoiona mwenyewe. Majibu yalifuata walichokiona wasaidizi. Wasaidizi hawakuwa wakidanganya, waliamini kwa dhati. Chama cha wataalamu wa usemi na usikivu cha Marekani kilitoa onyo, na mwaka 2018 kikalirudia.

Kumshikilia mtoto kiuno ili akae vizuri ni sawa. Kushika mkono unaochagua ni kumsemea.

"Samaki mkunje angali mbichi."

Kweli, kwa sehemu. Kuanza mapema kunasaidia, na hakuna umri ambao ni mdogo mno kwa picha au ishara. Ila samaki huyu hakauki. Mzee aliyepata kiharusi akapoteza maneno anaweza kuanza na ubao akiwa na miaka 70. Kijana wa 19 ambaye hakuwahi kupewa chochote pia anaweza. Msimwambie amechelewa.

"Subira huvuta heri."

Kweli tupu, na ndiyo sehemu ngumu ya kazi yote. Tukiuliza swali, wengi wetu hatungoji hata sekunde mbili kabla ya kujijibu. Mtoto ambaye mkono wake hupotea njia mara tatu kabla ya kufika anahitaji kumi, wakati mwingine thelathini.

Jumamosi moja nilikaa chumbani kwa yule mvulana. Mtaalamu aliuliza: "Tufanye nini sasa, picha au hadithi?" Akanyamaza. Mama akafungua mdomo kujibu, mtaalamu akamtazama, akaufunga. Nje mtu alikuwa akiburura mtungi. Kiwiko cha mvulana kiliinuka, kikashuka, kikainuka tena. Mkono ukapita juu ya uji, ukapita juu ya choo, ukarudi ulikotoka. Mimi mwenyewe nilitamani kumsaidia. Kisha ngumi ikatua pembeni kulia, pale palipochakaa, na macho yake yakahamia kwenye redio.

Saa tisa ilikuwa inakaribia, na siku hiyo Gor walikuwa uwanjani.

"Hutaki," mtaalamu akasema, naye akagusa neno hilohilo. "Sawa, tumemaliza." Zilikuwa zimebaki dakika ishirini za kazi. Akafunga mkoba, akauliza kama anaweza kubaki kusikiliza mechi.